Kijana kamaliza VETA karudi nyumbani: cheti tukipeleke wapi?

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Juzi mzee jirani yangu kanijia karakanani na bahasha ya kaki, kaishika kwa mikono miwili. Ndani mna cheti cha mwanawe, uchomeleaji na uungaji vyuma, ngazi ya pili, kimepigwa laminesheni mpaka kinang'aa. Akaniuliza, "Sasa fundi, hiki tukipeleke wapi?"

Nilikosa jibu la haraka. Mzee anaamini cheti ni kitu cha kupeleka. Iko ofisi mahali, yuko mtu nyuma ya meza, atakisoma na kusema njoo Jumatatu. Ameuza mpunga wa misimu miwili kwa ajili ya huyo mtu, na huku kwetu huyo mtu hayupo.

Mimi ni fundi chuma, niko Bonde la Kilombero, njia ya Ifakara kwenda Mlimba. Nilipomaliza chuo nilikaa Mbagala, Dar, miaka minne nikichomelea mageti ya watu kwa ujira wa siku, kisha nikarudi. Tangu 2016 napokea vijana wa field, yaani wanafunzi wa chuo wanaokuja kujifunza kazini, mmoja au wawili kwa mwaka. Wengine leo wana karakana zao, wengine wanaendesha bodaboda. Naandika niliyoyaona kwa hao tu.

Kazi huku ipo. Mwajiri ndiye hayupo. Hayo mambo mawili tunayachanganya kila siku, wazazi, vyuo, hata wanaokuja kutuomba kura.

Kazi ya huku inakwenda na mpunga. Novemba mpaka Januari ni pawatila, yale matrekta madogo ya kushika kwa mkono, na majembe ya trekta, watu wanalima na vyuma vinakatika. Februari hadi Aprili mvua inapiga, njia hazipitiki, mifuko imekauka, fundi unacheza bao. Mei wanaanza kuvuna. Kuanzia Juni mpaka Agosti ndipo kila mtu anakumbuka kwamba anataka geti, grili za madirisha, nyumba iingie umeme, mashine ya kukoboa ifungwe mota nyingine. Kijana asiyejua kalenda hii anafungua kibanda mwezi wa pili, anakaa siku arobaini bila mteja, anasema kijijini hakuna kazi, anapanda basi. Nimewaona. Wangefungua Juni wangekuwepo mpaka leo.

Tena kazi yenyewe haiji imegawanywa kwa fani kama karakana za chuo. Mteja haleti "uchomeleaji", analeta pawatila iliyozima. Labda chesisi imekatika, labda beringi imekwisha, labda ni pampu ya dizeli. Ukimwambia wewe ni wa chuma tu, atafute fundi mitambo, huyo fundi yuko Ifakara, nauli na siku nzima. Harudi tena kwako.

Kuna dogo nilimpokea, mkono wake mzuri kweli, mshono wake kwenye bamba jipya umelala kama magamba ya samaki. Siku ya tatu tukaitwa shambani, pawatila imekatika tairi la chuma katikati ya tope. Jenereta tukaifunga kwenye bodaboda, tukaisukuma pale njia ilipokataa. Dogo akawasha, akagusa, chuma kikatoboka. Akagusa tena, tundu likawa kubwa zaidi. Kile chuma kimeliwa na kutu mpaka kimekuwa kama karatasi, kimejaa tope na grisi, na yeye chuoni alikuwa anapewa vipande vipya. Nikamwonyesha: piga brashi ya waya mpaka kiwe cheupe, punguza ampea, usiburute mkono, gusa acha, gusa acha, palipokwisha kabisa kata kipande cha nondo ujazie. Saa mbili nzima. Mwenye shamba hakuwa na hela, akasema atanipa debe tatu za mpunga akivuna. Nilipokubali, dogo alinitazama kama mtu niliyerogwa.

Yule dogo hakupungukiwa na ufundi. Alipungukiwa na miezi michache ya kuchafuka kwenye tope la kwao, akiwa bado mwanafunzi, akikosea chini ya uangalizi wa mtu mwingine. Ndiyo maana nasema field ifanyike nyumbani. Sasa hivi wengi wanajitafutia nafasi mjini. Anamaliza chuo akijulikana na wateja wa Msamvu, Morogoro mjini, wa kwao hawamjui hata kwa jina la baba. Angefanya field kwenye tarafa yake, siku anapewa cheti tayari watu ishirini wana namba yake ya simu.

Mwenye njia nyingine alete, nataka kumjibu yule mzee.

#2 – Mchangiaji, Temeke

Mkuu heshima kwako, ila tusidanganyane. Debe tatu za mpunga zinalipa bando? Mwache kijana aje mjini apambane kama sisi. Huko mtamzeesha.

#3 – Mleta uzi

Mkuu wa Temeke, zile debe tatu sikuziuza Juni wakati kila mtu anauza. Niliziweka mpaka Februari, na anayekaa kwenye mpunga anajua bei ya Februari ilivyo. Fundi wa kijijini asiyejua kuweka mpunga hajakamilika, hata kama anachomelea kwa macho yaliyofumbwa. Mbagala nilikuwa napata fedha kila siku na kila siku inaisha: chumba, maji ya ndoo, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, chipsi. Simkatazi mtu mjini. Nasema wapo wanaokwenda kwa sababu wanataka, na wapo wanaokwenda kwa sababu walikosa mtu mmoja wa kuwashika miezi sita ya mwanzo. Nawazungumzia hawa wa pili.

#4 – Mchangiaji, Mbozi

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mzazi. Binti yangu amesoma umeme wa majumbani. Kila anakoomba kazi hapa kijijini wanamuuliza kaka yake yuko wapi. Halafu wanasema hata akifunga waya hawezi kuidhinishiwa. Hiyo ya kuidhinishiwa imekaaje?

#5 – Mleta uzi

Mama, marahaba, na hongera kwa kumsomesha.

Umeme ndiyo fani ambayo ningemshauri kijana yeyote wa kijijini sasa hivi. Nguzo zimefika. Vijiji vya Tanzania Bara ni 12,318 na REA, wakala wa umeme vijijini, wameshavipitia, kazi iliyobaki ni ya vitongoji, na vitongoji ni zaidi ya elfu sitini. Kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000. Ila hiyo 27,000 inaleta umeme mpaka kwenye mita. Ndani ya nyumba ni juu ya mwenye nyumba na fundi wake.

Kuhusu idhini, wanachosema ni kweli. Cheti cha chuo ni kitu kimoja, leseni ya kufunga umeme ni kitu kingine, na hiyo inatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja. Mteja akiomba umeme TANESCO, mchoro wa nyumba unatakiwa uwe na muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Ndiyo maana vijijini utakuta dogo kafunga nyumba nzima kwa mikono yake, halafu anampelekea mwenye muhuri wilayani sehemu ya ujira ili agonge tu. Wengine wanagonga bila hata kuiona nyumba, jambo ambalo mimi kama mtu niliyewahi kuona paa likiungua silipendi.

Badala ya kulalamikia muhuri, amtafute mkandarasi mmoja mwenye leseni anayefanya kazi wilayani kwao. Amwambie waziwazi: mimi nitaleta wateja wa vijiji hivi, nitafunga, wewe utakuja kukagua, tugawane. Akishapata kazi za kutosha za kuonyesha, aombe leseni yake ya daraja la chini. Nyumba ndogo za chumba kimoja au viwili asizitegemee sana, kile kifaa cha UMETA, kinachofungwa ukutani bila kutandaza waya nyumba nzima, kimechukua kazi nyingi za huko.

Na hiyo ya kaka yake yuko wapi: mchana nyumba za kijijini zina akina mama peke yao. Mume yuko shambani au mnadani. Mume gani anafurahia fundi wa kiume akae chumbani kwake siku mbili akitoboa ukuta? Binti aanze na akina mama wa kanisani, msikitini, kwenye vikoba. Ninaye mmoja huku, sasa hivi anakataa kazi.

#6 – Mchangiaji (mtendaji wa kata)

Naomba niongeze, kwa kuwa nakaa upande wa pili wa meza mnayosema haipo. Mwajiri mkubwa wa mafundi vijijini ni serikali yenyewe, ila haajiri kwa barua. Mnakumbuka fedha za UVIKO za 2021, madarasa 15,000, darasa moja milioni 20. Zilijengwa kwa fosi akaunti, maana yake kamati ya shule au ya kijiji inanunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi ujira wa kazi tu. Tangu hapo hazijakatika: madarasa, mabweni, zahanati, nyumba za walimu. Kila jengo lina milango, madirisha, madawati, umeme, bomba.

Sasa tatizo. Siku hizi manunuzi ya umma yanapita NeST, mfumo wa serikali wa mtandaoni, na fundi jamii naye anatakiwa awe amejisajili humo. Nikitangaza kazi ya madirisha ya darasa, naona majina ya mafundi wa makao makuu ya wilaya. Kijana wa kijiji kilekile chenye shule anakuja kuniuliza kwa nini sikumpa. Nitampaje mtu ambaye mfumo haumjui? Namwambia nenda na namba yako ya NIDA na simu yenye intaneti, kama huwezi muone afisa manunuzi. Anasema atakwenda kesho. Sheria ya ununuzi ya 2023 imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, vijana wamo. Ila asilimia 30 haiwezi kumfuata mtu kibandani.

Vyuo vingesajili wanafunzi NeST kabla hawajaondoka, ndani ya darasa, siku moja, wote. Ningekuwa na mamlaka ndicho ningeagiza.

#7 – Mchangiaji

Mtendaji umesema ya upande wako, acha na mimi niseme ya upande wetu. Wilaya siitaji. Tulikuwa vijana watano, wote wa chuma, tukaunda kikundi ili tupate ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, fungu la vijana. Hauna riba, hilo ni kweli na tunashukuru. Tuliomba Februari tukitaka mashine mbili na jenereta kabla ya mavuno. Tukaambiwa katiba ya kikundi ina kosa. Tukarekebisha. Tukaambiwa afisa yuko safari. Fedha ikaingia mwezi wa tisa. Watu walishauza mpunga, walishaozesha binti zao, walishanunua bodaboda. Tukakaa na mashine mpya mpaka mvua. Marejesho hayasubiri, yanaanza.

Halafu hilo la kikundi lenyewe. Watano wa fani moja kwenye kijiji kimoja, jenereta moja. Kila mtu ana mteja wake siku ileile. Tuligombana mpaka mmoja akaondoka na grainda. Nakwambia mkuu, hatukuwa wezi wala wavivu.

#8 – Mleta uzi

Pole sana. Umenikumbusha mwaka mikopo ile iliposimamishwa, 2023, watu walikuwa tayari na makaratasi mkononi. Imerudi, na bado nawaambia vijana waombe, ila waombe Oktoba kwa ajili ya Juni. Na kikundi kiwe cha fani tofauti: wa chuma, wa umeme, mwashi, seremala, wa bomba. Hao hawagombei jenereta, na wakipewa nyumba moja wanaimaliza bila kumwita mtu wa nje. Kamati ya shule nayo inawapenda, inazungumza na mtu mmoja.

Kwa upande wa vifaa mimi nina njia yangu, si ya kitaalamu. Kijana wa field nampa hela ya kula na nauli. Akikaa na mimi baada ya chuo, ujira wake naugawa mara mbili: nusu anapewa mkononi Jumamosi, nusu naiandika kwenye daftari. Daftari lina jina lake na orodha ya vifaa. Brashi ya waya, nyundo, mkasi wa bati, miwani ya kuchomelea, grainda, mwishoni kabisa mashine ndogo ya kuchomelea, ya inveta. Ikitosha kifaa kimoja tunakwenda Ifakara pamoja, ananunua mwenyewe, anabishana bei mwenyewe. Kifaa kinakaa kwangu lakini kina alama yake. Inveta ya mwisho niliyomnunulia dogo tuliipata kwa 260,000 na ilikuja na kofia ya uso.

Sheria ni moja: ukiondoka kwa amani unaondoka na vifaa vyako vyote. Ukiondoka kwa kunichukulia mteja kwa siri, hata hivyo unaondoka navyo, maana ni vyako, ila usirudi kuazima drili. Wawili wamenifanyia hivyo. Mmoja amerudi kuazima drili. Nilimpa.

Na zile inveta ndogo kwenye umeme wa kijijini jioni, voltiji ikishuka, zinakataa. Chomeleeni asubuhi.

#9 – Mchangiaji, Newala

Habari zenu. Mimi ni mshonaji, nilisoma FDC, chuo cha maendeleo ya wananchi. Kwetu ni korosho, kwa hiyo mambo yenu ya Juni sisi ni Oktoba mpaka Desemba. Fedha ya mnada ikitoka nguo za harusi na unyago zinashonwa, Januari ni sare za shule. Nilichojifunza: sikufungua duka. Nilikwenda shule ya msingi mwezi wa kumi nikaomba kupima watoto wa darasa la kwanza wa mwaka unaofuata, kwa orodha ya mwalimu. Wazazi wakalipa mnada wa kwanza nusu, wa pili nusu. Aliyeniponza ni mimi mwenyewe, mwaka wa kwanza nilipima watoto Oktoba nikashona kwa vipimo hivyohivyo. Januari wamerefuka! Pindo sasa naacha vidole vinne.

#10 – Mchangiaji (mwalimu wa chuo cha ufundi)

Nimesoma wote. Nijibu hili la field nyumbani, kwa kuwa sisi ndio tunaolaumiwa.

Mwanafunzi akiwa field lazima mwalimu amfuate, amwone akifanya kazi, asaini kitabu chake. Nina wanafunzi thelathini na gari moja la chuo, tena kwa zamu. Wakiwa mjini nawamaliza kwa siku mbili. Wakitawanyika Mngeta, Chita, Malinyi na Mahenge, mafuta ya mwaka yameisha kwenye safari ya kwanza. Hatuwapeleki mjini kwa kuwachukia wazazi wao. Tunafuata mafuta yanapofika.

Halafu huko vijijini fundi wa kumpokea ni nani? Wengi mnajua kazi kuliko sisi lakini hamna cheti, na fomu inauliza sifa za msimamizi. Hapo kuna dawa: VETA wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti cha ujuzi wake. Fundi mmoja wa kijiji akirasimishwa, anakuwa msimamizi halali wa vijana watatu kila mwaka.

Niwakumbushe pia, wazo si jipya. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilipoanza 1975 kwa msaada wa Sweden, lengo lilikuwa mwanakijiji aende akajifunze na arudi kijijini kwake. Njiani tukaanza kupima chuo kwa wangapi wameajiriwa na kampuni, na kampuni haziko kijijini. Sasa vyuo vya wilaya vinajengwa, zaidi ya sitini, kwa hiyo umbali utapungua. Kama tukiendelea kupeleka watoto wa wilaya hizo Kariakoo kufanya field, sijui tutakuwa tumesogeza nini.

#11 – Mleta uzi

Mwalimu, nakuvulia kofia. Hilo la mafuta sikuwahi kulifikiria, nilidhani ni dharau tu. Je, ukiniletea watatu kwa mkupuo, chuma, umeme na mitambo, wakakaa kijiji kimoja, safari yako si inakuwa moja? Picha za kila wiki nitakutumia WhatsApp, na video ya mshono kabla haujapakwa rangi, maana rangi inaficha mengi. Chumba cha kulala kipo nyuma ya karakana. Chakula mke wangu amesema watatu hawamshindi, wanne ndiyo tukae tuzungumze. Nitumie ujumbe faragha.

Mtendaji, nimewapigia vijana wangu wawili. Kesho tunakwenda Ifakara na vitambulisho vyao vya NIDA, tutajisajili hukohuko kwenye stationeri mpaka kieleweke. Na mimi mwenyewe nikiri, sijajisajili. Miaka yote hii nimekuwa nauza madirisha kwa mafundi wa mjini, wao ndio wanauzia shule iliyo mita mia tatu kutoka kwangu.

Mzee wa bahasha nilimwambia arudi, asilete cheti, amlete kijana. Wamefika leo saa moja asubuhi. Kijana kavaa ovaroli ya chuo, imepigwa pasi, ina mstari wa mkunjo miguuni. Nimempa brashi ya waya na plau la pawatila lililokaa nje masika mbili. Mzee amekaa kwenye benchi, bahasha mapajani, anamtazama mwanawe akisugua. Saa nne akainuka akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyu anasugua tu au na yeye ataruhusiwa kuchomelea.

Nimemwambia kwanza kiwe cheupe.